Ambulensi arobaini uwanjani: ushahidi uko wapi?

Uzi wa leo unahusu sentensi utakayoisikia kila Nairobi inapokuwa na hafla kubwa, iwe ni kuapishwa, mazishi ya kitaifa, mechi au mkutano wa hadhara: "Mipango ya afya imekamilika. Tuna ambulensi arobaini na wahudumu mia mbili."

Upande wa pili hujibu papo hapo: "Hayo ni maonyesho ya kamera. Hakuna utafiti unaosema hizo ambulensi zinasaidia."

Mjadala huu umerudi mara nyingi kwenye runinga na redio, na kila mmoja huongea kana kwamba ana daftari la utafiti mfukoni. Hebu tulifungue hilo daftari. Kama kawaida yangu, simtaji mwanasiasa wala chama. Hoja inatosha.

Kwanza tukumbushane kwa nini si suala la vitabuni tu. Oktoba 23, 2010, mashabiki 7 walikufa uwanja wa Nyayo usiku wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Septemba 13, 2022, kule Kasarani, siku ya kuapishwa, watu takriban 60 waliumia langoni alfajiri, kabla sherehe yenyewe kuanza. Oktoba 2025, katika siku za kumwaga kiongozi mashuhuri, watu walikufa Kasarani vikosi vya usalama vilipofyatua risasi, na kesho yake makumi ya waombolezaji wakaumia katika msukumano pale Nyayo.

Sasa angalia Kasarani ya 2022. Wahudumu wa huduma ya kwanza walikuwa wameshafika. Ndio waliowatibu majeruhi. Kwa hivyo ukiuliza "ambulensi zilikuwepo?" jibu ni ndiyo. Ukiuliza "zilizuia mtu kubanwa langoni?" hilo ni swali lingine kabisa, na wanaojadiliana huyachanganya haya mawili kila siku.

Ushahidi wa kitiba una ngazi. Juu karibu na kilele kuna jaribio la nasibu: unagawanya watu au mahali kwa kura, kundi moja lipate huduma na jingine lisipate, kisha unalinganisha. Chini yake kuna tafiti zinazofuatilia watu bila kuwagawanya. Chini zaidi kuna ripoti za aina ya "tulihudumia hafla fulani, tukaona wagonjwa kadhaa". Mwisho kabisa kuna maoni ya wazoefu.

Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu tiba kwenye mikusanyiko mikubwa imekaa ngazi hizo mbili za chini. Huo ndio ukweli, na anayesema ushahidi ni mwembamba hasemi uongo.

Lakini usikimbilie kushangilia. Mwaka 2003 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha makala ya mzaha yenye maana nzito: waandishi walitafuta jaribio lolote la nasibu linalothibitisha kwamba parachuti humwokoa anayeruka kutoka kwenye ndege, wakakosa hata moja. Nani atajitolea awe kwenye kundi lisilo na parachuti? Vivyo hivyo, hakuna kamati itakayokubali umnyime mtu huduma pale Uhuru Park ili uone kama atakufa. Kukosekana kwa jaribio si sawa na kukosekana kwa faida. Waliojenga hoja nzima ya "hakuna utafiti" huwa wanaruka hapa bila parachuti.

Tuje kwenye hesabu ya ambulensi. Hiyo arobaini hutoka wapi?

Wataalamu wa fani hii hupima kwa kipimo kimoja rahisi: kati ya watu 1,000 waliohudhuria, wangapi walikuja kutibiwa, na wangapi walipelekwa hospitali. Mwaka 2001 watafiti wa Australia walichukua hafla 201 zilizohudumiwa na St John Ambulance ya kwao (ndugu wa hawa wetu tunaowaona na magwanda yao pale viwanjani) na kuunda mfano wa kukadiria idadi ya wagonjwa. Mambo waliyoyaona yana uzito hadi leo: hali ya hewa, hasa joto na unyevu, kama watu wameketi au wanazunguka, kama eneo lina ua na milango au liko wazi, kama ni mchana au usiku.

Ujerumani nako kuna kanuni ya pointi iliyobuniwa na afisa wa zimamoto na uokoaji. Unahesabu ukubwa wa eneo, idadi ya watu, aina ya hafla, hatari ya vurugu, kisha jumla ya pointi inakuambia uweke magari mangapi. Kuna kitu humo hunichekesha: wageni mashuhuri nao huongeza pointi. Yaani waheshimiwa wakijazana jukwaani, hesabu ya ambulensi inapanda. Kanuni hiyo ilitokana na uzoefu. Hakuna aliyeijaribu kwa kulinganisha hafla zilizoifuata na ambazo hazikuifuata.

Kwa hivyo mtu akikwambia "arobaini ndiyo idadi ya kitaalamu", mwulize: kitaalamu kwa kanuni gani, na iliyopimwa kwa umati wa wapi? Melbourne si Nairobi. Kule mtazamaji amekuja na tiketi yenye namba ya kiti. Hapa, siku ya sherehe ya kitaifa, watu huanza kupanga foleni saa nane usiku, wengine wametembea kutoka Kawangware bila chai, na ikifika saa sita mchana wako juani bila maji. Mtu huyo akizimia, chanzo si moyo. Ni njaa na kiu.

Chukua mfano wa Novemba 2015, Papa Francis alipokuja. Tarehe 26 aliongoza misa kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, mahali penye nafasi na njia za kuingilia zinazojulikana. Kesho yake akaenda Kangemi, kwenye parokia iliyo katikati ya nyumba za mabati na vichochoro. Mgeni ni yule yule na jiji ni lile lile, lakini kwa habari ya tiba hizo ni hafla mbili zisizofanana hata kidogo. Kwenye kichochoro cha Kangemi gari la wagonjwa halipiti. Pale unahitaji watu wa miguu wenye machela. Kanuni ya kuhesabu magari haina la kukusaidia.

Sasa tupande ngazi, maana kuna mahali ushahidi uko imara.

Moyo kusimama ghafla. Hapa tuna jaribio la nasibu halisi. Lilichapishwa 2004 na kufanyika Marekani na Kanada, mahali 993 kama maduka makubwa na majengo ya makazi. Kwa kura, nusu walipata watu wa kujitolea waliofundishwa kukandamiza kifua tu. Nusu wakafundishwa hivyo hivyo na kupewa pia mashine ya kushtua moyo. Waliopona kwenye kundi la kwanza walikuwa 15. Kwenye kundi lenye mashine, 30.

Melbourne nako, kwenye uwanja mkubwa wa kriketi na mnara wa kumbukumbu wa vita, walifuatilia watu 28 ambao mioyo yao ilisimama. 24 waliondoka pale wakiwa hai, na 20 wakarudi nyumbani kutoka hospitalini. Kwa tatizo ambalo mtaani huua karibu kila mtu, hiyo ni ajabu. Siri yao ilikuwa watu waliofunzwa waliotapakaa kati ya watazamaji, kila mmoja akiwa na dakika chache tu za kumfikia aliyeanguka.

Na utafiti mwingine wa mwaka 2000, wa kumbi za kamari Marekani, unaonyesha uzito wa dakika: walioshtuliwa ndani ya dakika 3 tangu waanguke, asilimia 74 walipona, waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 49. Waliobonyeza mashine hawakuwa madaktari. Walikuwa walinzi wa kumbi hizo.

Ukiyasoma haya yote pamoja utaona kwamba ushahidi mzuri tulionao unahusu umbali kati ya mgonjwa na mtu mwenye ujuzi. Ambulensi arobaini zilizopangwa vizuri nyuma ya jukwaa la wageni waheshimiwa, na mgonjwa yuko upande wa pili wa uwanja mtu 30,000 katikati, hazijatimiza hilo. Hamsini pia zisingetimiza.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye msongamano, kwa sababu hapa ndipo siasa huharibu mambo zaidi.

Tukisema "mkanyagano", picha inayokuja ni ya watu wamepagawa, wanakimbia, wanakanyagana kama ng'ombe. Picha hiyo mara nyingi si sahihi. Waliochunguza ajali hizi kwa video na vipimo wanasema watu wengi hufa wakiwa wima. Wakifika wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba, unaanza kupoteza uwezo wa kuamua unakwenda wapi. Wakifika sita au saba, umati unakwenda kama maji: wimbi likianza nyuma, wa mbele anabebwa, anagandamizwa ukutani au langoni, kifua kinakosa nafasi ya kupanuka, na pumzi inakatika. Wa nyuma hajui lolote. Yeye anasukuma kidogo tu.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tumezika watu wengi hivi. Moshi, Februari 2020, 20 kwenye mkutano wa maombi, watu wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Dar es Salaam, Machi 2021, 45 katika uwanja wa Uhuru wakati wa kuaga mwili wa rais. Kampala, usiku wa kuamkia 2023, vijana na watoto kwenye mlango wa jengo la maduka, fataki zikiwa hewani.

Na kila mara linafuata neno lile lile: "Watu wetu hawana nidhamu." Nalichukia sana hilo neno, na si kwa hisia tu. Uingereza walilisema pia. Aprili 15, 1989, uwanja wa Hillsborough, Sheffield, msongamano uliua watu 97, na kwa miaka mingi lawama zilitupiwa mashabiki: walevi, wasio na tiketi. Jopo huru lililotoa ripoti 2012, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ya 2016, yalisema vinginevyo. Kosa lilikuwa kwenye usimamizi wa milango na maamuzi ya polisi, na mashabiki hawakuwa na hatia.

Tena kuna hili. Siku ile ambulensi zaidi ya 40 zilifika Hillsborough. Ndiyo, arobaini na kitu, kama ile ahadi ya runinga. Zilizofika hadi kiwanjani, walikolala watu, unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Jopo likakadiria kwamba wafu 41 walikuwa na uwezekano wa kuishi kama uokoaji ungekwenda inavyotakiwa.

Huu nao si ushahidi wa jaribio la nasibu. Ni rekodi za maiti moja moja, muda, video na ushuhuda, zilizochunguzwa na watu wasio na maslahi. Mimi nauweka juu ya ripoti kumi za "hafla ilikwenda vizuri".

Upande wa maambukizi nitapita haraka, ingawa una historia ya Nairobi ndani yake. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka miongoni mwa mahujaji Makka. Miaka miwili baadaye, 1989, Nairobi ikapata mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo, maelfu ya wagonjwa, na bakteria waliopimwa maabara walikuwa wa ukoo ule ule wa Makka. Saudi Arabia ikaanza kudai chanjo kwa kila hujaji. Mlipuko wa aina nyingine ulipokuja 2000 na 2001, ikabadilisha chanjo inayodaiwa. Ushahidi hapo ni mzuri kwa sababu mahujaji huhesabiwa, hupimwa na hufuatiliwa mwaka hadi mwaka.

Na kwa wanaosema majaribio hayawezekani kwenye umati: Desemba 2020, katikati ya korona, Barcelona waliwagawanya kwa kura watu karibu 1,000. Wote walipimwa kwanza na hawakuwa na virusi. Nusu wakaingia kwenye tamasha la muziki la ndani wakiwa na barakoa, nusu wakarudishwa nyumbani. Siku nane baadaye wakapimwa tena. Walioingia ukumbini: hakuna aliyeambukizwa. Waliorudi nyumbani: wawili. Kwa hivyo inawezekana, ukichagua swali ambalo halimnyimi mtu haki ya kutibiwa. Ungeweza, kwa mfano, kulinganisha mpangilio wa vituo vya maji au wa wahudumu wa miguu kati ya mechi moja na nyingine.

Turudi nyumbani. Nimewahi kujitolea kwenye kituo cha huduma ya kwanza katika hafla kadhaa hapa mjini. Kwa kila mgonjwa tulijaza fomu: umri, jinsia, tatizo, saa aliyofika, alikopelekwa. Jioni fomu ziliingia kwenye boksi. Niliuliza zinakwenda wapi, nikaambiwa "ofisini". Sijawahi kuona ukurasa mmoja uliotoka kwenye hayo maboksi. Na ndizo hizo hizo zingetupa idadi ya wagonjwa kwa kila 1,000, ya Nairobi, kwa jua la Nairobi na foleni za Nairobi.

Sheria nayo haisukumi. Ukitaka kufanya mkutano wa hadhara, Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, inakutaka utoe notisi kwa polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14. Utaandika jina lako na anwani, tarehe na saa, na mahali au njia mtakayopita. Nani atamshughulikia atakayeanguka? Notisi haiulizi. Wakati huo huo Katiba, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki ipo kwenye karatasi moja, na karatasi unayopeleka kituoni haiitaji.

Maandamano ndiyo hali ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna mwenye hafla wa kudaiwa mpango, na serikali yenyewe ni upande mmoja. Juni 2024, katikati ya jiji, wahudumu wa afya wa kujitolea walitibu watu kwenye msikiti wa Jamia. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu waliokufa 39 na walioumia 361 nchi nzima kufikia Julai 1. Ona nani aliyehesabu: tume ya haki. Tafiti za dunia kuhusu huduma kwenye maandamano ni chache mno ukilinganisha na za matamasha na mbio za marathoni, na risasi si kitu ambacho kanuni ya pointi ilitengenezewa.

Kwa nini nayasema sasa? Kwa sababu AFCON 2027 inakuja, na uwanja wa Talanta kule Jamhuri, kando ya Ngong Road, umepangwa kubeba watu 60,000. Na mwaka 2025, wakati wa CHAN, CAF ilipunguza watazamaji wa Kasarani hadi 27,000 baada ya mashabiki kuvunja utaratibu na kuingia kwa nguvu. Tumeshaonywa mara moja, tena na watu wa mpira.

Piga hesabu ndogo. Umati wa 60,000, mgonjwa mmoja kwa kila 1,000, ni watu 60. Wakiwa watano kwa kila 1,000, ni 300. Kati ya 60 na 300 kuna tofauti ya mahema, maji, wauguzi na vitanda, na kinachoweza kutuambia tuko wapi ni yale maboksi ya fomu.

Basi mheshimiwa akisimama kwenye mdahalo na kusema ambulensi arobaini, usimuulize kwa nini si hamsini. Muulize nani ana kipimo cha msongamano langoni na nani ana mamlaka ya kusimamisha watu kuingia kikifika kiwango. Muulize mashine za kushtua moyo ziko ngapi na ziko upande gani wa uwanja. Muulize gari likitoka Jamhuri na mgonjwa kwenda Kenyatta, siku ambayo Ngong Road imefungwa kwa msafara wa wageni, linapita wapi.

Na yule wa upande wa pili, anayesema ni maonyesho tu, naye aulizwe: fomu za hafla za chama chako ziko wapi?

Uzi ujao ni kuhusu pesa: nani hulipa bili ya hospitali ya mtu aliyeumia kwenye hafla ya umma, na mfuko wa dharura ulioundwa na sheria ya 2023 unasema nini.